Siku Kumi za Kujipaka Shubiri

Jumapili, saa kumi jioni, Lamadi. Jua limechoma tangu asubuhi, na sasa hivi ndipo upepo wa ziwa umeanza kuingia uani na kuchezesha nguo kwenye kamba. Nyumba iko kimya. Nimefagia mara mbili mahali ambapo hakuna uchafu.

Binti yangu Doto, aliye Dodoma, ndiye aliyenifungulia ukurasa huu na kunifundisha kuandika kwa simu. Alisema nina maneno mengi kuliko majirani wa kuyasikiliza. Siku zote naandika vituko vya watoto ninaowalea. Anayetaka kucheka leo anisamehe, sina kichekesho.

Kwa asiyenijua: naitwa Mama Kulwa, mjane, miaka hamsini na minane, magoti mabovu, mdomo mzima. Kazi yangu ni kukaa na watoto wa wanawake wanaoanika dagaa pale mwaloni, ufukweni mitumbwi inaposhusha samaki. Kalenda yangu ni mwezi. Siku za giza mitumbwi inaingia ziwani na taa, dagaa wanapatikana, na mama zao wananiletea watoto saa kumi na moja alfajiri, wengine bado wamelala mgongoni. Siku za mbalamwezi dagaa hawafuati taa, mwalo unalala, na watoto wanabaki kwa mama zao. Nakuwa na majuma ya kelele, kisha siku kama kumi za kupumzisha masikio.

Wengi wa wanawake hao si wa hapa. Wametoka Kigoma, Ukerewe, Geita, na wengine mbali zaidi. Mwenyeji ana mama mkwe wa kumwachia mtoto. Mgeni ana mimi. Nilianza baada ya kuona mtoto mchanga amelazwa kwenye beseni juani, amefunikwa chandarua cha dagaa, mama yake anageuza samaki hatua ishirini kutoka pale huku akigeuka kumtazama kila dakika. Nilimchukua yule mtoto nikakaa naye kivulini mpaka jioni. Kesho yake wakaja watatu.

Leo naandika juu ya mmoja. Jana asubuhi aliondoka.

Alikuja kwangu ana miezi kumi, siku ya mvua kubwa, mgongoni kwa msichana mwembamba aliyejiita Ester. Ester alikuwa na Kiswahili cha tahadhari, kila neno alilipima kwanza. Siku ya tatu aliniambia ukweli, tukiwa wawili tu jikoni. Jina lake si Ester. Ni Mrundi, ametoka kambi ya wakimbizi kule Kigoma bila kibali kwa sababu chakula cha kule hakikumtosha yeye na mama yake mzazi, akaja kutafuta kazi. Baba wa mtoto alikwenda kutafuta maisha na hakurudi. Mtoto anaitwa Keza.

Akaniomba kitu kimoja. Nimfundishe mtoto Kisukuma na nimpe jina la hapa, ili akicheza barabarani na kufungua mdomo asiwepo wa kuuliza ametokea wapi. Mama angejitahidi kuficha ulimi wake mwenyewe, lakini mtoto hajui kuficha.

Nikampa jina la Kabula, kwa kuwa alikuja na mvua. Nikamfundisha.

Mungu anisamehe, nilifundisha vizuri mno.

Siku za giza Ester alishinda mwaloni kutoka alfajiri mpaka jua linazama. Siku za mbalamwezi, wenzake walipopumzika na watoto wao, yeye alipanda gari kwenda Lingeka kuvuna pamba, au kupalilia kama si msimu wa kuvuna, kwa sababu alitaka kumtumia mama yake chochote. Chumba alichopanga walilala wanawake sita. Kwa hiyo Kabula alilala kwangu. Mwanzoni siku moja moja, kisha siku zote. Alitambaa kwenye sakafu yangu. Alisimama kwa kushika kiti changu. Neno lake la kwanza lilikuwa "mayu", ndivyo sisi Wasukuma tunavyomwita mama, na alilitamka akinitazama mimi.

Watoto wote wa hapa wananiita mayu. Ni heshima tu, hata watu wazima wananiita hivyo. Lakini wao wana mama wa kurudi kwake jioni, wanajua tofauti. Kabula hakujua. Mama yake alimwita Ester, kama alivyosikia watu wote wakimwita. Ester akifika jioni, ananuka samaki, macho mekundu, mtoto anakimbilia kwangu kunipa habari kwa furaha: Ester amekuja.

Mara ya kwanza tulicheka wote wawili. Mara ya pili nilicheka peke yangu.

Kuna jambo la kukiri hapa. Jioni moja nilimkuta Ester amekaa kitandani kwangu na mtoto mapajani, anamnong'oneza Kirundi, kitu kama wimbo. Mtoto alikuwa ametulia kabisa, anamtazama midomo. Nikamwambia Ester aache, watu wanapita nje, atatuponza sote. Akaacha palepale, hakubisha. Ester hakuwahi kunibishia. Miaka miwili nimejiambia kwamba niliogopa mwenyekiti wa mtaa. Sasa naandika ukweli: mlango ulikuwa umefungwa, redio ya jirani ilikuwa juu, hakuna ambaye angesikia. Niliona wivu. Nilikuwa nimezika mume, Kulwa na Doto wako mbali na maisha yao, na kulikuwa na mtoto mmoja duniani anayelala akiwa ameshika sikio langu. Sikutaka kugawana.

Kila asubuhi Kabula alikuwa na kazi yake. Nikiamka tu, anashuka kitandani, anaingia uvunguni na kutoka na kandambili zangu za bluu, ananipangia mlangoni. Siku zote anakosea, ya kushoto anaiweka kulia, ya kulia kushoto. Nami sikumsahihisha kamwe. Nilizivaa hivyohivyo, vidole vikitazama nje, nikatembea kama bata mpaka jikoni, na yeye nyuma yangu akicheka mpaka anakaa chini. Kila siku iliyoletwa na Mungu. Magoti yangu yaliumia na sikujali.

Mwezi uliopita zikaja habari kutoka kambini. Familia yao imepangiwa msafara wa kurudi Burundi, na jina la Ester na la mtoto yako kwenye karatasi moja na jina la bibi. Asipofika kabla ya siku hiyo, bibi ataondoka peke yake, mzee asiyeona vizuri, na wao wawili watabaki huku bila karatasi wala mtu. Ester alikuja kuniambia akiwa amesimama, hakukaa. Nilisema sawa. Nilifunga nguo za mtoto mwenyewe, nikamwekea na michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, ya kutafuna njiani.

Siku hiyo ya safari ya kwanza sikwenda stendi. Nilimwambia Kabula anakwenda kutembea na Ester, atarudi. Niliona ni kumrahisishia. Kumbe nilikuwa najirahisishia mimi.

Haikupita nusu saa, bodaboda ikasimama kwangu na kijana ananiita kwa kelele. Mayu, njoo stendi, kuna mwanamke ameiba mtoto wako.

Nilifika nikakuta watu wamejaa mlangoni mwa basi. Ester ameshushwa, kilemba kimemtoka, mkoba wake umemwagwa chini. Wakanisimulia kwamba basi lilipowasha injini, Kabula alianza kupiga kelele. Kwa Kisukuma safi nilichomfundisha mimi, aliwaambia abiria wote kwamba anamtaka mayu wake, kwamba huyu si mayu, huyu ni Ester. Abiria mmoja akauliza, "Dada, huyu mtoto ni wako?" Ester kwa hofu akajibu na lafudhi yake ikatoka yote. Basi, ikawa mwizi wa watoto. Mwanamume mmoja alikuwa tayari ameshika jiwe. Najua anakouza matikiti, ni mtu mpole siku zote.

Kabula aliponiona alijirusha kutoka mikononi mwa kondakta. Akaning'ang'ania shingoni na kunyamaza palepale, kimya kabisa, huku akihema. Watu wakasema, mmeona, mama yake huyu hapa.

Nikalazimika kusema. Mbele ya umati, na mtoto amenishika sikio, nilisema kwa sauti kubwa: mimi si mama yake. Mama yake ni yule. Nilirudia mara tatu kabla hawajaniamini, na mara ya tatu mtoto aliinua kichwa akanitazama.

Mwenyekiti wa mtaa aliletwa. Kadi ya kliniki ndiyo iliyotuokoa, kwa kuwa imeandikwa jina la mama ni Ester, na muuguzi aliyekuwa anapita akasema anawajua. Mwenyekiti hakuuliza zaidi ya hapo, ingawa nadhani alielewa. Basi lilikuwa limekwenda. Tulirudi nyumbani watatu kwa miguu.

Tulichofanya ili mtoto asijulikane ndicho kilichotaka kumuua mama yake.

Jioni ile Ester alikaa jikoni kwangu kwa mara ya kwanza kama mtu mwenye haki ya kukaa. Alikuwa na mkwaruzo shavuni. Msafara ulikuwa umebakiza majuma mawili na siku kadhaa, na njiani kutoka hapa mpaka Kigoma kuna vizuizi na mabasi ya kubadilisha na watu wa kuuliza maswali. Mimi nikasema nitawasindikiza mpaka kule. Akatikisa kichwa. Akasema nikifika nao mpaka lango la kambi, mtoto atalia langoni, mbele ya wenye karatasi, na hapo hakuna muuguzi anayewajua.

Kisha akasema, "Mayu, kwenu mtoto mnamwachishaje ziwa?"

Nikamwambia anajua mwenyewe, ni shubiri, au mwarobaini. Mama anajipaka, mtoto akija anaonja uchungu, siku mbili tatu anaacha mwenyewe.

Akagusa mkwaruzo wa shavuni. Halafu akasema, "Basi jipake, mayu. Nakuomba. Jipake yote."

Nilimwelewa. Nilikasirika, nikainuka, nikaosha sufuria ambayo ilikuwa safi. Nilitaka kumwambia kwamba amenigeuza jaa, ametupa mzigo wake kwangu miaka miwili na sasa ananifundisha kazi. Sikusema. Yule msichana aligeuza dagaa juani mpaka mikono ikachanika, alivuna pamba ya watu, alimpa mtu mwingine mtoto wake alelewe ili aishi, na siku alipomtaka, karibu apigwe mawe kwa ajili yake. Nani alikuwa na deni kwa nani, sikuwa na haja ya kuuliza.

Mbalamwezi ilikuwa inaanza. Watoto wengine walikuwa kwa mama zao. Siku kumi, nyumba ni ya sisi watatu.

Tulikubaliana hivi. Ester hatakwenda Lingeka, atakaa. Atalala na mtoto kitandani kwangu, mimi nitalala chumba cha nyuma. Yeye ndiye atakayemlisha, kumwogesha, kumbeba, na atazungumza naye Kirundi mchana kweupe. Mtoto akiita mayu, mimi sitaitika. Akinijia, nitaondoka. Sitampiga wala kumfokea. Sitakuwepo tu, nikiwepo.

Siku ya kwanza aliniletea kandambili chumba cha nyuma. Alizipanga, kushoto kulia, akarudi hatua mbili kusubiri bata. Nilizipita, nikavaa viatu vya kwenda kanisani. Alifikiri sikuziona. Akazibeba akanifuata nazo mpaka jikoni, akazipanga tena mbele ya jiko.

Uji ulipoiva alileta kikombe chake kwangu. Nilimpa mgongo. Akazunguka upande wa pili, nikageuka tena. Alidhani ni mchezo, akacheka, akazunguka tena. Ester akaja akamchukua. Nilisikia ule mlio wa kikombe kikidondoka na mtoto akianza kulia, nikatoka nje nikasimama nyuma ya choo mpaka aliponyamaza.

Siku ya pili alilia karibu mchana wote. Hakula.

Siku ya tatu alianguka uani, akakwaruza goti, damu ikatoka. Nilikuwa nimekaa pale hatua tatu. Alikuja mbio mikono mbele, akiita. Nilitazama sufuria ya maharage. Niliikalia mikono yangu, naandika jinsi ilivyokuwa, niliweka viganja chini ya mapaja na kuvikalia. Alifika akasimama mbele ya magoti yangu, akanionyesha goti lake. Akangoja. Akasema mayu kwa sauti ya kawaida, ya mtu anayemwamsha mwenzake. Ester alitoka ndani akikimbia, akamnyanyua, akamsemesha yale maneno yake, ngwino, ngwino, yaani njoo. Na mtoto, kwa kuwa lilikuwa linamuuma na hakuna mwingine, akaweka kichwa kwenye bega lake.

Usiku huo sikulala, ila sina la kusimulia juu yake.

Sasa lazima niandike jambo jingine, maana si haki kuandika machozi yangu tu. Katika siku zile kumi nilimsikia Ester kwa mara ya kwanza. Miaka miwili nilidhani ni mpole, mtu wa ndiyo mayu, asante mayu. Kumbe ni msemaji. Kwa lugha yake ana sauti nene, anaiga watu, anatania, anaimba akiosha vyombo. Siku ya tano alimsimulia mtoto hadithi fulani yenye fisi, nilijua ni fisi kwa jinsi alivyochechemea, na Kabula akacheka. Cheko lilelile la bata. Nilikuwa chumba cha nyuma nakunja nguo. Nilifurahi na nilitaka kufa, vyote kwa pamoja. Nilimnyamazisha mwanamke huyu miaka miwili ndani ya nyumba yangu na kujiita msaada.

Siku ya sita kandambili hazikuja.

Niliamka, nikakaa ukingoni mwa kitanda muda mrefu kuliko kawaida. Nilikohoa, nikaburuta kiti. Nilisikia anaongea na mama yake chumba cha pili. Nikavaa viatu.

Baada ya hapo mambo yalikwenda haraka. Siku ya saba alianza kuita "mama", na hakuwa ananiita mimi. Siku ya nane alinipita uani bila kunitazama, amebeba gunzi mgongoni kwa kitambaa, analibembeleza kwa Kirundi. Siku ya tisa nilisahau, nilipomwona amekaribia jiko nikamwita kwa jina, Kabula, nzugu ng'wana wane, njoo mwanangu. Alisimama. Akamtazama Ester kwanza, kumuuliza kwa macho kama aje. Ester akatikisa kichwa. Hakuja.

Ijumaa jioni Ester alipiga magoti mbele yangu kama mabinti wa hapa wanavyofanya, akanishika mikono. "Wabeja, mayu," akasema, asante kwa lugha yangu. Akasema akikua atamwambia. Atamwambia nilikuwa nani kwake. Nikamjibu vizuri tu, nikamwombea safari. Moyoni niliuliza utamwambiaje. Utasema kulikuwa na mwanamke aliyekupenda, na ushahidi wake ni kwamba siku kumi za mwisho alikataa kukugusa?

Mama anapojipaka shubiri anapaka ziwa tu. Mikono anaiacha, mgongo anauacha, usiku mtoto bado analala ubavuni kwake na kunusa shingo yake. Mimi sikuachiwa mahali.

Jana Jumamosi niliamka kabla yao, nikatoka kwa mlango wa uani kama tulivyopanga, ili wakati wa kuondoka nisiwepo kabisa. Nilikwenda dukani kwa jirani yangu Mama Hamisi. Alinipa kahawa na hakuniuliza kitu, naye ni mtu wa kuuliza. Nilikuwa nimeahidi kukaa pale mpaka basi liondoke. Sikuweza. Nilijiambia kwamba watu wakianza tena, nani atamtetea Ester? Nikajibanza nyuma ya banda la chipsi stendi.

Walikuja kwa miguu. Ester amevaa vizuri, kilemba kimekazwa, mtoto mgongoni. Walisimama kwenye foleni. Yule muuza matikiti alikuwepo, akawaangalia, akaendelea kupanga matikiti yake. Ilikuwa kama dakika tano. Kisha Ester akageuka kumwelekeza mtu begi lake lilipo, na mgongo wake ukaja upande wangu, na Kabula akaniona.

Nilishika nguzo ya banda. Nilijua akilia mara moja tu, yote yamekwisha: basi, msafara, bibi yake, kila kitu. Nilijua pia, na hili ni lazima niliandike, kwamba kuna sehemu yangu ilikuwa inamwomba alie.

Alinitazama. Uso wake haukubadilika. Alinitazama jinsi watoto wanavyowatazama watu wanaosimama stendi. Kisha akalaza shavu mgongoni kwa mama yake na kusema kitu kwa sauti ndogo ambayo niliisikia, kwa kuwa masikio yangu yamezoea kuisikiliza. "Mama, tugende." Mama, twende.

Wakapanda. Hakuna hata mtu mmoja aliyegeuka.

Nilikuwa nimefanikiwa. Nilirudi nyumbani nikijiambia hivyo njia nzima. Mtoto ana mama yake, mama ana mtoto wake, hakuna atakayewasimamisha kizuizini, bibi atasikia mjukuu anasema maneno anayoyajua. Niliyoombwa nimeyafanya. Nilisema asante kwa Mungu kwa sauti, mtu wa baiskeli akadhani namsalimia, akanijibu mhola, yaani salama.

Mchana huu Ester amepiga simu kwa namba ya mtu. Wamefika, wako na bibi. Mtoto amekula. Hakulia njiani hata mara moja, ameniambia, na nilisikia kwamba anataka nifurahi. Nimemwambia nimefurahi.

Leo giza linaanza. Usiku huu mitumbwi inaingia, na saa kumi na moja alfajiri watoto wanane watapita mlangoni kwangu. Nimeamua kitu kimoja. Kila mama, kabla hajaenda mwaloni, atakaa hapa kidogo na mtoto wake, na atamwimbia kwa lugha aliyoimbiwa yeye, iwe Kiha, Kikerewe au yoyote. Mlango nitaufunga mimi. Wakichelewa dagaa, wachelewe. Na nitawaomba watoto waniite shangazi. Sijui kama nitaweza kujizuia kuitika wakisahau.

Kuna kitu sijakiandika. Nimekizunguka tangu mwanzo.

Jana nilipotoka stendi niliingia kwa mlango wa mbele, nikakuta kitanda changu kimetandikwa, kikombe cha uji kimeoshwa, hakuna kilichosahauliwa. Nikaenda chumba cha nyuma kuvua viatu.

Kandambili za bluu zilikuwa mlangoni mwa kile chumba. Zimepangwa, zinanisubiri niamke. Ya kushoto iko kulia, ya kulia iko kushoto.

Alikuja. Asubuhi ile, siku ya kumi, alishuka kitandani akanipangia, na mimi nilikuwa nimeshatoka.

Sijazigusa. Tangu jana naruka pale, na magoti haya. Kesho watoto wanane watakuja na kuzipiga teke, na labda ni sawa.